Tasnifu ya MMed: kabla ya kuchagua mada, kaangalie saa ya ukutani wodini

Mama Partografu

Wakuu, habari za zamu. Kila msimu wa udahili napata ujumbe kutoka kwa madaktari wanaoingia MMed, shahada ya kusomea ubingwa, na ombi ni lile lile: "Dada, nipe mada ya utafiti." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, wengine nitawarushia kiungo. Nimemaliza MMed ya uzazi na magonjwa ya wanawake. Chuo sikitaji, hospitali siitaji, kwa sababu kuna mahali nitalalamika.

Kwa asiyefahamu: kwetu Tanzania kwa kawaida huwi daktari bingwa kwa kukaa wodini na kufaulu mitihani tu. MMed ni shahada ya chuo kikuu, iwe umesoma Muhimbili, Moshi, Bugando au Dodoma, na shahada hiyo ina tasnifu ndani yake. Unaandika andiko, yaani mpango wa utafiti, unalitetea idarani, linakwenda kamati ya maadili, unakusanya data, unachambua, unaandika, watahini wanasoma, unatetea, unarudishiwa masahihisho. Yote hayo ukiwa unapanda zamu, unafanya raundi na unafundisha maintani, madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo. Hakuna anayekupunguzia zamu eti una madodoso ya kujaza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tamaa. Nilitaka kupima protini za kondo la nyuma, sFlt-1 na PlGF, nione kama zinatabiri nani atapata kifafa cha mimba. Andiko lilikuwa zuri hasa, nililipamba. Msimamizi wangu akaniuliza maswali mawili tu: vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, nani atalipa, na umeme ukikatika usiku nani atakimbilia friza ya nyuzi hasi 80? Nikasema nitatafuta ufadhili. Nikazunguka na lile andiko miezi mitano. Ufadhili sikupata, na vitendanishi peke yake vilizidi ada yangu ya mwaka mzima.

Nikarudi chini. Swali langu jipya lilikuwa hili: tukishaamua mama apasuliwe kwa dharura, inachukua muda gani hadi mtoto atoke, na muda huo unapotelea wapi? Kipimo kinachotajwa sana duniani ni dakika 30. Swali hili halihitaji friza. Linahitaji saa na mtu mwaminifu wa kuandika. Nikaona hili jepesi, nitamaliza mapema.

Sasa sikilizeni. Wiki ya kwanza ya majaribio nilipata mama ambaye, kwa mujibu wa karatasi, mtoto wake alizaliwa dakika 4 *kabla* ya daktari kuamua apasuliwe. Nikadhani msaidizi wangu kalewa usingizi. Kesho yake likatokea tena. Nikachukua simu yangu, nikasimama chini ya saa ya wodi ya wazazi, kisha nikaenda kusimama chini ya saa ya thieta, chumba cha upasuaji. Zilipishana dakika 11. Unapima dakika 30 kwa saa mbili zinazopishana dakika 11! Na kwa mujibu wa manesi waliokuwa pale siku nyingi, ile saa ya wodini ilikuwa inatangulia tangu enzi za matroni aliyestaafu.

Nikanunua saa mbili za ukutani kwa hela yangu, nikazilinganisha na simu, na kila Jumatatu asubuhi nikawa nazikagua.

Likabaki la pili, ambalo hakuna kitabu cha mbinu za utafiti kilichonionya. Mama anaulizwa uchungu ulianza lini, anajibu "saa nane." Msaidizi mmoja anaandika 8:00. Mwingine anaandika 14:00. Wa tatu anamwuliza mama "saa nane ya usiku au ya mchana?" na ndiye peke yake aliyefanya kazi. Dodoso langu lilikuwa la Kiingereza, kila msaidizi akitafsiri kichwani mwake hapo hapo kitandani, na saa za Kiswahili zinapishana na za kizungu kwa masaa 6. Kwa ugonjwa wa miezi, masaa 6 si kitu. Kwa uchungu wa kuzaa ni tofauti kati ya mama anayeendelea vizuri na mama aliyekwama. Nilitupa data za wiki mbili nzima. Sikulia, ila nilikaa kwenye ngazi za thieta muda mrefu.

Kwa hiyo anayeniomba mada namjibu hivi: mada unayo wodini. Nenda kwanza kaangalie kama kitu unachotaka kupima kinapimika pale ulipo. Ukishaona kinapimika, ndipo ufungue kompyuta.

Karibuni kwa maswali. Wa kunipinga pia karibuni.

Kisu Butu

Mimi nakupinga, dada, tena kwa heshima. Ni daktari wa upasuaji. Nilitumia karibu mwaka mzima kwenye tasnifu ambayo hadi leo imesomwa na watu watano: mimi, wasimamizi wawili na watahini. Mwaka huo ningeweza kukaa thieta. Mgonjwa mwenye utumbo uliojinyonga haniulizi tasnifu yangu ilihusu nini, anataka mkono usiotetemeka.

Angalieni njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika mashariki, kati na kusini. Pale unafundishwa ndani ya hospitali yenyewe na unabeba daftari la upasuaji: umefanya nini, mara ngapi, ukiwa peke yako au ukisimamiwa. Hicho ndicho kipimo cha mpasuaji. Sisi tunamlazimisha kila mtu awe mtafiti, tunazalisha makaratasi ya kupanga kwenye makabati ya idara.

Ng'ambo ya Limpopo

Kisu Butu, hoja yako si ngeni. Niko Afrika Kusini. Huku zamani mtu aliweza kufaulu mitihani ya Colleges of Medicine, chombo kinachotahini mabingwa, akasajiliwa kuwa bingwa bila utafiti. HPCSA, baraza linalosajili wataalamu wa afya, wakaja na sharti kwamba wanaoanza mafunzo kuanzia 2011 lazima wakamilishe utafiti ndipo wasajiliwe. Nimeona mtu amefaulu mitihani yote, anafanya kazi zote za bingwa, na bado hasajiliwi kwa sababu ya kurasa ambazo hajamaliza. Wanaolitetea sharti na wanaolilaani wote wapo, mara nyingi meza moja ya chai.

Mama Partografu

Kisu Butu kaka yangu, makabati nakubali. Lakini nikuulize: ulipokuwa unasoma, jarida la kigeni likikuambia dawa fulani inafaa kwa wagonjwa 60, ulijuaje kama uliamini au usiamini? Mimi kabla ya kuhangaika na zile saa nilikuwa nasoma muhtasari na hitimisho tu, basi. Sasa nikikuta mtu anasema muda wa wastani ulikuwa dakika 28, swali langu la kwanza ni "kwa saa ya nani?"

Ila kwenye daftari la upasuaji tuko pamoja. Sikusema kimoja kiue kingine.

Hesabu za Mwalimu

Mimi ni mtakwimu, nakula kupitia nyinyi marezidenti, madaktari mnaosomea ubingwa, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjanifuata wiki moja kabla ya kuwasilisha.

Robo tatu ya maandiko yanayoletwa kwangu yana sampuli ya watu 384. Ukimwuliza mtu kwa nini 384, anasema "ndiyo inayotumika." Namba hiyo inatoka hapa: chukua 1.96 kipeo cha pili, zidisha kwa p, zidisha kwa moja toa p, gawanya kwa d kipeo cha pili. Hapo p ni ukubwa wa tatizo unaoutarajia, d ni kiasi cha kukosea unachokubali. Ukiweka p 0.5 na d 0.05 unapata 384. Ile p ya 0.5 huwekwa pale ambapo hakuna taarifa yoyote ya awali. Sasa wewe umeandika kurasa 15 za mapitio ya machapisho, ukataja tafiti sita zilizokwambia tatizo lako ni asilimia 8, halafu kwenye sampuli unajifanya hujui kitu!

Wengine wanagundua kwamba wakiweka asilimia 8 sampuli inashuka hadi 114, wanashangilia. Msishangilie. Hapo d bado ni asilimia 5, maana yake jibu lako litakuwa "kati ya asilimia 3 na 13." Umetoka wodini na jibu ambalo hata mwuza chipsi wa getini angekupa. Ukitaka kukaribia kwa asilimia 2, unahitaji 707. Je, wodi yako inapokea wagonjwa 707 wa aina hiyo kwa miezi uliyonayo? Kama haipokei, badilisha swali, usibadilishe hesabu.

Na dada mwenye uzi, wewe ulikuwa unapima muda, si asilimia, kwa hiyo fomula hiyo haikuhusu kabisa. Pale unahitaji kujua muda unatawanyika kiasi gani. Ukitarajia mtawanyiko wa dakika 40 na unataka kukaribia wastani kwa dakika 5, unahitaji akina mama 246. Natumaini hukuandika 384.

Mama Partografu

Niliandika 384. Kamati ikanirudishia. 🙈

Hesabu za Mwalimu

Kamati yako ina akili.

Moja tena halafu naondoka. Mkishapata data mnataka kuingiza kila kitu kwenye regresheni, hesabu inayopima vihatarishi vingi kwa pamoja: umri, elimu, kazi, dini, umbali, idadi ya watoto, vihatarishi 18. Halafu waliopata tukio ni 30. Kanuni ya kienyeji ya watakwimu ni matukio kama 10 kwa kila kihatarishi. Kwa 30 una nafasi ya vitatu, ukijikaza vinne. Chagueni kwa akili ya udaktari, msisubiri programu iwachagulie. Hapo udaktari wenu ndio unaotakiwa, mimi sijui kifafa cha mimba kinasababishwa na nini.

Kisu Butu

Mwalimu, na wale wa steshenari, maduka ya kuchapa na kutoa kopi, wanaouza "tasnifu kamili na uchambuzi" unasemaje?

Hesabu za Mwalimu

Nawajua. Kazi zao huletwa kwangu baadaye kutengenezwa. Mtahini akikuuliza kwa nini ulitumia kipimo hiki badala ya kile, yule wa steshenari hayupo chumbani. Vivyo hivyo kwa wanaoandikiwa na roboti za kwenye simu: nimekuta orodha ya marejeo yenye majarida halisi na makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Mtahini alitafuta tatu tu, akafunga faili.

MD Mpya wa Singida

Shikamoo dada Mama Partografu, shikamooni wote. Nimepata nafasi ya MMed ya watoto, naanza mwaka huu wa masomo. Naomba kuuliza mambo mawili. Kibali nakiomba wapi hasa, chuoni au NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa? Na je, naweza kuanza mapema kwa kupiga picha mafaili ya hapa wilayani kwa simu, nitunze, nije nizitumie baadaye?

Mama Partografu

Marahaba mdogo wangu, na hongera.

La picha: USIPIGE. Kwanza data iliyokusanywa kabla ya kibali ni tatizo lenyewe, kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma. Pili, faili lina jina, kijiji, namba ya simu, wakati mwingine majibu ya VVU. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na simu yako inapotea daladala kama simu nyingine. Unaruhusiwa kutumia kumbukumbu za zamani kwa utafiti, watu wengi wanafanya hivyo, ila unaomba kwanza, na unachukua namba ya utafiti uliyoitunga wewe badala ya jina.

Tena kabla hujajitia kwenye mafaili, chukua mafaili 20 ndani ya chumba cha kumbukumbu kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, hesabu mangapi yana kitu unachokitaka. Uzito wa mtoto, kwa mfano. Kama 9 kati ya 20 hayana uzito, umeokoa mwaka wako.

La kibali: tasnifu nyingi za kawaida zinapita kamati ya maadili ya chuo chenyewe. Ukigusa majaribio ya dawa, hapo kuna NIMR na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukitaka kusafirisha sampuli nje ya nchi, NIMR tena, pamoja na mkataba wa sampuli. Halafu usisahau barua za chini, ndizo zinazochelewesha: ukienda hospitali ya mkoa usiyosoma, barua inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, inashuka kwa mganga mfawidhi. Mimi barua moja ilikaa mezani wiki tano kwa sababu mwenye meza alikuwa likizo. Sikosei nikisema nilisubiri watu muda mrefu kuliko nilivyoandika.

Wewe wa watoto una la ziada. Mtoto hatoi ridhaa, anatoa mzazi au mlezi, na mtoto mkubwa unamwuliza naye kama anakubali. Nani anamleta mtoto hospitali kwenu? Mara nyingi bibi. Je, bibi ni mlezi kisheria? Lifikirie sasa, si siku ya kamati.

Na fomu ya ridhaa iandikwe Kiswahili kinacholiwa. Rafiki yangu mmoja alitafsiri kupangwa kwenye makundi kwa kubahatisha kuwa "bahati nasibu", akina mama wakamwuliza zawadi ni nini. Tafsiri, mpe mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya kwanza, kisha linganisha. Ulizeni "presha", msiulize "shinikizo la juu la damu" halafu mkashangaa kila mtu anasema hana.

Rejistra wa Ngong Road

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu tunaoitwa marejistra tunapitia yale yale kwa majina tofauti. Wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanapeleka andiko kwa kamati ya pamoja ya KNH, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na chuo, kisha unatafuta leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukienda hospitali ya kaunti, kaunti nayo inataka barua yake. Jambo moja lililonisaidia mimi: nilipeleka andiko kwa kamati siku ile ile niliyokuwa tayari kuanza kulirekebisha. Watu wanasubiri liwe kamilifu, na kamati italirudisha hata likiwa kamilifu. Bora lirudi mapema.

Hiyo ya saa nane nimecheka hadi nikaamsha mgonjwa. Kwetu nako iko, mama wa Kilifi anakwambia saa nne, daktari aliyelelewa Nairobi anaandika 4:00, yaani saa kumi usiku.

Msukuma Ughaibuni

Mimi niko Marekani, nasomea magonjwa ya ndani, miaka mitatu. Huku rezidenti haandiki tasnifu. ACGME wanaosimamia mafunzo wanataka ushiriki kazi ya kitaaluma, na hiyo ni pana: taarifa ya mgonjwa mmoja wa ajabu, bango la mkutano, au mradi wa kuboresha huduma. Wenzangu wengi wanachagua huo wa mwisho. Unapima tatizo wodini, unabadilisha jambo moja, unapima tena.

Msidhani ni mteremko lakini. Anayetaka kuendelea na ubobezi wa moyo au tumbo anajikuta anakimbiza machapisho kama mnavyokimbiza nyinyi tasnifu. Tofauti ni kwamba halimzuii kuhitimu.

Nikisoma habari ya dada, naona alifanya mradi wa kuboresha huduma bila kuuita hivyo. Zile saa mbili alizonunua ndizo badiliko lenyewe.

Kisu Butu

Kwa hilo la Msukuma mimi narudi nyuma kidogo. Tasnifu ya aina hiyo ningeifanya. Idara ichague matatizo matatu yake yenyewe, mfano vidonda vinavyooza baada ya upasuaji, kila kundi la marezidenti lichukue pale walipoishia wenzao. Leo kila mtu anaanza sifuri, anamaliza, anaondoka na data kwenye flashi. Aliyemfuata anapima kitu kile kile upya.

Sista Zamu ya Usiku

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni nesi mkunga wa wodi ya wazazi, miaka 19. Naomba niwaulize madaktari wangu: hao "wasaidizi wa utafiti" mnaowasema ni nani? Ni sisi. Usiku nina akina mama 14, wawili wanasukuma, anakuja rezidenti na rundo la madodoso: "Sista nisaidie kujaza, nitapitia asubuhi." Asubuhi anachukua karatasi, anasema asante. Posho hakuna, jina langu kwenye ukurasa wa shukrani halipo, na matokeo siyaoni. Miaka 19 nimejaza tafiti nyingi kuliko profesa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia aligundua nini.

Halafu mnashangaa saa zinaandikwa ovyo. Mimi nikiandika muda, naandika baada ya kumaliza kumhudumia mama, kwa kukisia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

MD Mpya wa Singida

Sista, hapa umetuweka chini.

Mama Partografu

Dada Sista, shikamoo. Sina utetezi. Kuna kitu sikukiandika juu kwa sababu kinaniumbua. Yule msaidizi niliyemdhania kalewa usingizi alikuwa nesi wa zamu aliyenisaidia bure, na ndiye aliyeniambia kuhusu ile saa. Aliniambia, "Dokta, hii saa ya wodini haijawahi kusema kweli." Mimi nikabishana naye siku nzima kabla ya kwenda kusimama chini yake. Jina lake lipo kwenye shukrani, lakini aliponiuliza matokeo nilimwambia nitawaletea. Nilimaliza, nikasafiri na kwenda kituo kipya.

Nilipata safari ya kikazi mji ule mwezi uliopita, nikapita wodini na karatasi mbili zenye matokeo kwa Kiswahili. Tulikaa chumba cha chai nikawaeleza muda unapopotelea: kungoja damu, thieta kuwa na mgonjwa mwingine, kumngoja mume asaini. Wakanieleza na la nne ambalo dodoso langu halikuwa nalo kabisa, ufunguo wa kabati la dawa za usingizi unakaa na mtu mmoja tu usiku.

Saa niliyonunua bado ipo ukutani. Ilikuwa imesimama saa tano na robo.

Sista Zamu ya Usiku

Marahaba. Umeweka betri?

Mama Partografu

Niliweka. Na moja ya akiba nimemwachia matroni.